Magauni Mawili Niliyoyafumua

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa, hapa hapa Tunduma, nami nimekaa chini barazani kwa fundi, wembe mkononi, nafumua gauni ambalo mdogo wangu alikuwa amelivua muda mfupi uliopita. Lilikuwa bado na joto la mwili wake. Nimefumua nguo nyingi tangu siku ile, lakini ile sijaisahau. Leo nakueleza ilivyokuwa, maana nimesikia kwamba na wewe umeachiwa wadogo, na kwamba watu wakikuuliza habari za nyumbani unajibu, "Tunaendelea vizuri."

Jibu hilo nalijua. Nililitumia miezi mingi.

Baba yetu alitangulia, na mama akamfuata kabla hata mahindi yaliyoletwa kwenye msiba wa baba hayajaisha. Tukabaki wanne: mimi Lidia niliyekuwa darasa la sita, Ruti wa darasa la tatu, Neema ambaye hakuwa ameanza shule, na Yona wa miaka minne. Siku ya kuanua matanga ndugu walikaa uani wakazungumza. Hawakuwa watu wabaya, usiwafikirie hivyo. Walisema Ruti aende kwa shangazi Isansa, Neema avuke mpaka wa Zambia aende kwa mjomba Nakonde, Yona achukuliwe na baba mdogo Ndalambo, na mimi nitafutiwe mahali. Kila mmoja alijitolea kadiri alivyoweza. Lakini mimi nilisikia tunagawanywa kama vyombo vya marehemu.

Nilisimama mbele ya wazee, jambo ambalo msichana wa rika langu hakulifanya, nikasema, "Wadogo zangu nitawalea mimi." Wengine wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Akasema, "Haya, binti yangu. Tutaona. Mavuno yakipita nitakuja kuwatazama. Nikikuta mambo hayaendi, nitawachukua, na hutanilaumu."

Basi nikaacha shule, nikaenda kujifunza kushona kwa fundi Anyesi, mwanamke mmoja aliyekuwa na vyerehani vitatu kwenye baraza karibu na soko. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na mdomo wake haukuwa na breki. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana alimwambia, "Gauni halikubadilika, mama. Waulize wali na nyama." Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na watu walivuka kutoka upande wa Zambia kumletea vitenge, wengine wamejifunga vitatu vitatu kiunoni kukwepa ushuru, kama vile mwili wao ndio uliokuwa mnene. Alinilisha mchana, akanipa posho kidogo mwisho wa juma, na ndani ya miezi michache akaniamini na mkasi. Kwa fundi, mwanangu, kukuachia cherehani si kitu. Cherehani kikikosea unafumua. Mkasi ukikosea, umekosea.

Mavuno yakapita. Baba mdogo akatuma ujumbe kwamba Jumapili inayokuja, baada ya ibada, angefika. Nilipopata ujumbe ule niliwatazama wadogo zangu kana kwamba nawaona mara ya kwanza. Gauni la Ruti lilikuwa limechanika kwapani na kushonwa mpaka mshono ukapita juu ya mshono. Neema alivaa blauzi yangu ya zamani, imemfika magotini. Yona alikuwa na kaptura, na juu hakuwa na kitu cha maana. Nikajiambia: akiwakuta hivi atawachukua wote, hatauliza swali la pili.

Juma lile lile akaja mteja kutoka Nakonde, mwanamke mrefu tuliyemwita Bana Chola, yaani mama yake Chola kwa lugha ya kwao. Chola huyo alikuwa anaoa Jumamosi. Mama yake alitaka magauni matatu ya kitenge kimoja, lake na ya dada zake wawili, sketi za vipande sita zinazobana kiunoni na kufunguka chini. Kitenge chenyewe kilikuwa cha rangi ya udongo mwekundu, na juu yake ndege weupe wenye miguu mirefu, wamesimama, shingo juu. Alisema ndicho kipande cha mwisho dukani, na kwamba alikipata kwa kugombana.

Hapa nikueleze jambo la kazi yetu. Kuna vitenge ambavyo ukivigeuza juu chini havibadiliki: maua, miduara, mistari. Hivyo unaweza kupanga vipande vya sketi kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini, vikalaliana kama samaki kwenye sinia, na kitambaa kikabaki kingi. Lakini kitenge chenye ndege, au mti, au mtu, hakigeuzwi. Vipande vyote lazima vitazame upande mmoja, na kitambaa kingi kinatumika. Fundi Anyesi alinionyesha yote hayo Jumanne. Akachora kipande cha kwanza kwa chaki, akagonga ndege mmoja kwa kidole. "Hawa wasimame wote, Lidia. Umesikia? Wote." Kisha akasafiri kwenda Iyula kwenye msiba wa shemeji yake, akasema atarudi Ijumaa.

Nilibaki peke yangu na kitambaa kile, na mkasi, na Jumapili inanijia.

Sitakudanganya kwamba shetani alinisukuma. Nilipiga hesabu mwenyewe, kwa utulivu kabisa. Niliona kwamba nikivigeuza vipande vitatu katika kila sketi, ningebakiwa na kitambaa cha kutosha magauni mawili ya watoto na shati dogo. Nikajiambia ndege ni wadogo, na sketi ikichezacheza nani atawahesabu? Nikajiambia pia kwamba sikuiba, kwa sababu Bana Chola angepata magauni yake matatu kama alivyoagiza. Ukimwona mtu anajieleza sana moyoni mwake, mwanangu, jua mkono wake umeshafika mahali.

Nikakata. Nikashona sketi za watu, na Alhamisi nikashona nguo za kwetu. Za Ruti na Neema nilizipa marinda mengi na kuziacha ndefu, ili wakue nazo. Niliwavalisha wajaribu. Neema alizunguka chumba kizima mpaka akaanguka kwa kizunguzungu, na Yona alijishika shati lake kifuani kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa. Nakwambia kweli, kwa muda ule mfupi nilisahau kwamba sisi ni yatima.

Ijumaa adhuhuri fundi akarudi, amechoka, macho mekundu ya msiba. Hata hakuwa amekaa vizuri, Bana Chola akaingia na dada yake mmoja kuja kujaribu. Wakavaa nyuma ya pazia. Bana Chola akatoka kwanza, akajigeuza, anajitazama kwenye kioo. Yule dada mtu alikuwa nyuma yake. Nikamwona anainama, anainama zaidi, kisha anaishika sketi.

"Awe," akasema. Maana yake hapana, na mukwai ni neno lao la heshima. "Awe, mukwai. Hawa wamekufa."

"Nani wamekufa?"

"Ndege wako. Hawa wamesimama, hawa wamelala kichwa chini. Ndege gani analala kichwa chini kama si maiti? Unampeleka mwanao kanisani na maiti nyuma?"

Bana Chola akajipinda kutazama. Akaona. Sura yake ilibadilika, na mimi nikatamani sakafu ipasuke. Siku ya harusi ya mwanawe wa kwanza, mwanangu, mbele ya ukoo wa bibi harusi. Watu wangesema nini? Na ndoa ikipata tatizo lolote, hata miaka kumi baadaye, wangekumbuka gauni la mama mkwe.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "umekula kitambaa changu."

Fundi Anyesi alikuwa ameshaona kila kitu. Mtu wa kazi hiyo anaangalia mara moja tu. Nilisubiri anitaje. Alivua miwani, akaifuta kwenye nguo yake, akasema, "Nimekosea mimi, mama. Baraza ni langu."

"Mkono ni wako pia?"

"Baraza ni langu," akarudia.

Hakunitazama hata kidogo. Kama angenitazama kwa hasira, pengine ningenyamaza mpaka leo. Lakini nilimwona mwanamke yule, ametoka kuzika juzi, anabeba tusi langu na jina lake la miaka mingi likichafuka mbele yangu, na ulimi ukafunguka wenyewe. "Ni mimi," nikasema. "Niligeuza vipande. Kilichobaki nimewashonea wadogo zangu."

Yule dada mtu akapiga makofi. "Sikia! Mwizi anajitaja!"

"Nguo ziko wapi?" fundi akaniuliza.

"Nyumbani."

"Kazilete."

Hapo ndipo nilipojua uzito wa jambo. Nilikwenda mbio. Ruti alikuwa ametoka shuleni na, watoto ni watoto, wote watatu walikuwa wamevaa, wamekaa kitandani wameinua miguu wasichafuke. Neema akasema, "Dada, tunafanya mazoezi ya Jumapili."

Nilikuwa nimejipangia uongo njiani. Ungekuwa rahisi: fundi anataka kupunguza urefu, nitazirudisha kesho. Lakini nilichoka ghafla na uongo, kama mtu anavyochoka na mzigo akiwa katikati ya mlima. Nikawaambia, "Kitambaa hiki si chetu. Nilikichukua bila ruhusa. Mwenyewe anakitaka."

Ruti alinitazama. Akafungua vifungo, akavua, akakunja gauni lile vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akikunja kitu, akanipa. Neema alilia na kulishika pindo mpaka nikamwachanisha vidole kimoja kimoja. Yona akavua shati lake mwenyewe kwa kuwa alimwona Ruti amevua. Nimefiwa, mwanangu, na nimezika, lakini sikumbuki kutembea njia ndefu kama ile ya kutoka nyumbani kwetu hadi sokoni.

Nilipoweka nguo zile mezani, Bana Chola alilichukua shati. Akaliinua juu kwa vidole viwili. Lilikuwa dogo kweli.

"Mwenye hili ana miaka mingapi?"

"Minne, mama."

"Mama yake?"

Fundi akajibu kwa niaba yangu, kwa maneno machache.

Bana Chola akakaa. Akaliweka shati magotini, akalinyoosha. Kisha akanirushia. "Hili ni la vipande vidogo, halinisaidii. Mpelekee. Lakini magauni mtafumua, na ndege wangu watasimama wote kabla ya jua kuzama. Sikuja hapa kuonewa, wala kumwonea mtu."

Nilitaka kulikataa shati. Aibu ina kiburi chake. Fundi akanikanyaga mguu chini ya meza: "Umepewa. Sema asante."

Basi tukafumua. Mimi na fundi Anyesi, kila mmoja na wembe wake. Marinda yale mengi ya watoto yalifunguka yakawa kitambaa kipana, na kwa kuwa nilikuwa nimeyaacha marefu, yalikaribia kutosha kuwa vipande vya sketi za watu wazima. Yalipungua kama shubiri moja chini. Fundi akafikiri, akatoa kitambaa cheusi kutoka ndani, akasema tutaweka mkanda mweusi chini ya sketi zote tatu, uonekane kama mtindo. Ndivyo ilivyokuwa. Tena yule dada mtu mwenye maneno alipoziona mwishoni, alisema kwamba ndivyo zilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, na fundi akamjibu, "Basi mshukuru mwizi."

Lakini kilichonifunza ni mazungumzo ya wakati tunafumua. Nilikuwa nangoja fundi anifukuze. Hatimaye akasema bila kuinua kichwa, "Tangu umekaa hapa, umeniona nikimfukuza mtu aliyeniomba?"

"Hapana, mama."

"Ndani nina gunia la vipande ambavyo watu wameniachia kwa hiari yao. Umelipanga mwenyewe kwa mikono yako. Kwa nini hukuniambia watoto hawana nguo?"

"Niliogopa utaona siwezi kuwalea."

Akasimamisha wembe. "Kwani unaweza?"

Nililia hapo hapo juu ya kitenge cha watu, mpaka akaniambia niondoe machozi yangu yasitie doa. "Huwezi," akasema, taratibu sasa. "Mimi mwenyewe nilikuwa na mume na nilishindwa na wawili. Mficha uchi hazai, Lidia. Leo umemsitiri nani? Kitambaa nitakisahau. Ila kwamba ulikaa karibu nami kila siku, tukala sahani moja, ukaona heri kuniibia kuliko kuniomba, hilo limeniuma."

Hakunifukuza. Lakini mkasi aliuchukua, na sikuushika tena mpaka mahindi ya mwaka uliofuata yalipokauka shambani. Nilipiga pasi, nikapinda mapindo, nikafumua. Nilikubali. Ilikuwa haki.

Sasa Jumapili. Baba mdogo alifika na vumbi la Ndalambo miguuni, akakaa kwenye kigoda, tukamwamkia. Ruti na Neema walikuwa na nguo zao zile zile za viraka. Yona peke yake ndiye aliyependeza, na hilo lilifanya wenzake waonekane vibaya zaidi. Akauliza, "Mnaendeleaje?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni: vizuri. Nikalimeza. Nikasema, "Baba mdogo, mahindi yetu yatafika wiki mbili tu. Nikienda kazini namfungia Yona ndani na Neema, kwa kufuli, kwa sababu sina wa kumwachia. Wiki hii nimeiba kitambaa cha mtu ili uwakute wamevaa. Nimekirudisha. Sitaki tugawanywe. Lakini peke yangu siwezi."

Neema akaongezea, "Gauni langu lilikuwa na marinda."

Baba mdogo akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Binti yangu," akasema, "kila nilipomtuma mtu kukuuliza, aliniletea jibu moja: wanaendelea vizuri. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya tatu nikaogopa. Nikasema, watoto wanne, udongo wa mama yao haujakauka, na hawana shida hata moja? Huyu ananificha. Atafunga mlango mpaka siku moja nije kuwakuta wamekufa humo ndani. Ndiyo maana nilikuja leo na nauli ya watoto watatu mfukoni. Ungeniambia 'vizuri' leo, ningeondoka nao wote."

Umesikia hapo, mwanangu? Neno nililolitumia kama ukuta wa kuwalinda wadogo zangu, ndilo lililokuwa linawatoa mikononi mwangu.

Hatukugawanywa, ila nisikupambie: Yona aliondoka naye. Nilikubali mwenyewe, kwa sababu ya kufuli ile, na Neema nikawa naenda naye barazani kwa fundi. Alikaa Ndalambo mpaka umri wa shule, na alirudi akiwa anazungumza Kinamwanga safi kuliko sisi, na miguu imekomaa. Miezi ile nilimlilia. Lakini kila mavuno magunia mawili ya mahindi kutoka Ndalambo yaliteremshwa mlangoni kwetu, na fundi Anyesi alifungua gunia lake la vipande, akamwambia Ruti achague. Neema alipata gauni la rangi tano. Alilidharau kwa siku mbili, kisha akakataa kulivua.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalotaka ulishike. Wewe ni wa kwanza, na wa kwanza hujiona ukuta. Ukuta hauombi. Lakini wewe si ukuta, wewe ni mtoto aliyefiwa na wazazi sawa na hao wadogo zako, tofauti ni kwamba umewatangulia kuzaliwa. Hitaji lako liseme wazi, kwa mtu mwenye moyo, wakati bado ni dogo. Ukilificha litakua, na siku moja litakuonyesha mali ya mtu mwingine na kukwambia hakuna atakayeona. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ile ya kuiba ndiyo kabisa: itakuvua mbele za watu. Kama umeshakosea, rudisha leo, hata kama kurudisha kunamliza umpendaye. Mtoto aliyelia kwa sababu ya ukweli hukua; Neema yule aliyelia sana ndiye leo nikikosea ananiambia usoni, nami namshukuru. Na anayekukemea bila kukufukuza, mshike sana. Hao ni wachache.

Kesho wakikuuliza habari za nyumbani, usikimbilie neno lile jepesi. Vuta pumzi, umtazame mtu, umwambie ilivyo.

Mungu aliye baba wa wasio na baba akufungulie kinywa kabla hajakufungulia mlango. Akupe watu wanaouliza mara ya pili. Awape wadogo zako afya na akili ya kukukumbuka, na mikono yako ishibe kwa kazi yake yenyewe. Nenda salama, mwanangu. Ukikwama, mimi nipo, njoo useme.